Mayai Tisa, Vifaranga Kumi na Wawili

Molo,
Jumanne mchana.

Kwa mwanangu Kiplimo,

Chamgei, mwanangu. Nakusalimu nikitumaini barua hii itakukuta umesimama kwa miguu yako, kile kikohozi kimeisha, na unakula chakula cha kupikwa, si mkate na soda. Sisi huku tupo. Baba yako yupo, ila magoti yanamkatalia asubuhi mpaka jua litoke, na jua lenyewe siku hizi linatoka likipenda. Anakusalimu sana. Anauliza kama redio yake uliyobeba kuitengenezesha bado ni mgonjwa ama ilishazikwa, aambiwe tu aache kungoja. Dada yako Jepkemei yuko shuleni, alituma salamu na orodha ya vitu. Ng'ombe wako alizaa ndama, dume tena. Jirani yetu Wangechi anakusalimu, anasema tangu umwahidi samaki wa Naivasha ameweka sufuria mezani na imeanza kushika kutu. Mimi mama yako nipo, namshukuru Mungu, nimechoka tu, na kuchoka si ugonjwa wa kupelekwa hospitali.

Mke wako Chepkemoi yupo. Salamu zake nitakuandikia mwisho, kwa sababu zina njia ndefu kufika.

Utashangaa mwandiko. Zile barua zangu zote za nyuma, zenye mistari iliyonyooka, ni mkono wake Chepkemoi, mimi nilikuwa nasema na yeye anaandika. Hii ni mkono wangu wa darasa la nne. Niliianza Jumapili baada ya kanisa na bado niko nayo, kwa hivyo usinicheke na usome polepole. Kwa simu sikutaka. Simu ni moja nyumbani, na kwa simu wewe ukisikia neno zito mtandao wako hupotea hapo hapo.

Nasikia ziwa limeingia tena huko kwenu Kihoto na watu wanalala shuleni. Silali vizuri nikifikiria huyo mtoto. Analala wapi? Ukienda kazini kule kwenye shamba la maua, ni yule mama wa nyumba ya pili bado anamshika? Ana soksi? Tangu Pasaka uliponiambia pale kwenye zizi kwamba una mtoto, na kwamba mama yake ameenda Uarabuni kazi na kumwacha kwako, sijamtoa kichwani. Nakumbuka tulivyokubaliana. Kwamba shangazi yako Rahab wa Olenguruone atamchukua kwako, halafu Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu amlete hapa na kusema ni yatima wa ukoo, hana mtu. Kwamba Chepkemoi ana moyo, atampokea na kumzoea, na jina lako halitatajwa. Tulikubaliana hivyo, mimi na wewe, tukiwa tumesimama kwenye samadi. Shika hilo, kwa sababu ndilo ninaloandikia.

Lakini wacha nianze na kuku. Usiruke mistari. Najua unapenda kuruka.

Unamkumbuka yule kuku wa madoadoa ambaye mama mkwe wako alimpa Chepkemoi alipotoka hospitali mwezi wa pili. Wiki ile baada ya Pasaka, ukiwa umesharudi Naivasha, huyo kuku alikataa kutoka kwenye kiota. Nilimwondolea mayai, akakalia nyasi tupu. Nikaondoa nyasi, akakalia udongo. Ukimsogelea anavimba kama andazi na kukudona mkono. Alijing'oa manyoya ya kifuani yote. Halafu wenzake wawili wakaanza kumwiga, na kati ya kuku saba nikawa sipati mayai ya maana. Wangechi akanifundisha kwamba dawa ni maji baridi, na maji yakishindwa nimpitishe unyoya puani, atakuwa na kazi ya kuutoa na atasahau mambo ya kulalia. Unyoya ulinishinda, nilimwonea huruma. Maji niliyaweza. Nilimzamisha tumbo kwenye karai, na wewe unayajua maji ya Molo, kisha nikamfungia chini ya tenga juu ya mawe, asipate mahali pa kujipasha joto. Nilifanya hivyo siku tatu.

Chepkemoi wakati huo alikuwa bado analala akiangalia ukuta. Hukumwona, Kiplimo. Ulikuja siku mbili za mazishi ya mtoto, ukaja siku mbili za Pasaka, na zote ulikuwa na mambo ya kurekebisha kwenye ua. Maziwa yalimjia na hakuna wa kuyanyonya. Nilikuwa namfunga kitambaa kifuani mimi mwenyewe, yeye anatazama pembeni. Uji nilikuwa nampelekea na kuurudisha. Miezi hiyo yote sikusikia akiniomba kitu hata kimoja.

Basi siku hiyo ya tatu alitoka nje, bila viatu, akaja mpaka kwenye tenga na kuchuchumaa. Akaniuliza huyu amekosea nini. Nikamwambia hajakosea, ila anataka kulalia na hakuna cha kulalia, lazima lile joto limtoke mwilini arudi kutaga. Aliinua tenga, akamtoa kuku akiwa anadondoka maji, akamviringisha kwa leso yake na kuingia naye jikoni kwenye moto. Mimi nilibaki pale na karai mkononi kama mtu aliyeshikwa akiiba.

Jioni hiyo nikakusanya mayai tisa, ndiyo niliyokuwa nayo, nikampa amwekee. Niliona uso wake. Aliyatia alama ya makaa moja moja, ili kuku mwingine akitaga mle tujue la nani ni lipi. Akaandaa kiota pale pembeni ya jikoni, ndani ya debe lililokatwa. Na kuanzia kesho yake, mwanangu, nilikuwa na mtu nyumbani tena. Anaamka, anamtoa kuku ale na kwenda haja, anamsimamia ili mayai yasipoe, na akimsimamia ameshika kikombe cha uji, na uji unaisha. Alikuwa anahesabu siku ishirini na moja kwa kalenda ya kanisa. Siku moja nilimsikia akimtania kuku kwamba mimba yake ni fupi na bado analalamika. Nilitoka nje nikalia, sikutaka anione.

Siku ya kumi na tano nilikuwa kwenye ua naongea na Wangechi, nikamsifia jogoo wake. Sasa sikia. Jogoo wetu tulimchinja mwezi wa tatu, kina mama wa maombi walipokuja kumwombea Chepkemoi. Walikuwa kumi na wanane, ningewapikia nini? Walimla jogoo, kisha wakasimama na kumwomba Mungu atupe mtoto. Mimi sikuwa na wasiwasi, kwa sababu kila asubuhi nasikia jogoo akiwika karibu, nikajua ni wa Wangechi, na ua wetu una mashimo. Wangechi akanitazama. Akasema jogoo wake alienda harusini kwa mpwa wake kabla ya Pasaka, na hakwenda kama mgeni. Huyo anayewika ni wa mwalimu, ng'ambo ya mto. Halafu akashika kiuno na kuniuliza, kwani Mama Kiplimo, kuku wako hushika mimba kwa kusikia sauti?

Nilicheka. Nikacheka mpaka nikaketi kwenye nyasi, na nikashindwa kuinuka.

Mayai yale hayakuwa na kitu. Siku sita zilikuwa zimebaki, na yule msichana ndani ananiambia kwamba usiku akiweka sikio karibu anadhani anasikia kitu. Ningemwambiaje? Mara mbili amebeba, mara mbili amerudi mikono mitupu, nimwambie na kuku wake pia?

Siku ya ishirini nilisema naenda Molo mjini kununua dawa ya magoti ya baba yako. Nikaenda kwa duka la dawa za mifugo, wanapouza vifaranga wa siku moja. Nilitaka tisa. Nikawa nachagua wa rangi rangi, mweusi, wa kahawia, wa mistari, wasifanane sana, mpaka kijana wa duka akaniuliza kama nanunua vifaranga ama kitambaa cha gauni. Akaniambia, mathe, na baridi hii watatu watakufa kabla ufike, beba kumi na wawili. Nikabeba kumi na wawili. Niliwaweka kwenye boksi ndani ya sweta, juu yake koti la baba yako, na mvua ikanyesha njia nzima. Walipiga kelele mpaka nyumbani. Nikawaficha kwenye stoo ya viazi na chupa ya maji moto katikati yao, nikakohoa kila mara Chepkemoi alipopita.

Alfajiri niliamka kabla ya mtu yeyote. Kuku ukimshika gizani huwa mzito wa usingizi, hapigani. Nilitia mkono chini yake, nikatoa yai, nikaweka kifaranga. Nikatoa yai, nikaweka kifaranga. Moja likapasukia kwenye sketi yangu, harufu yake hata leo naisikia. Yale mengine niliyafukia nyuma ya choo. Nikabaki na vifaranga watatu mkononi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekufa, kijana wa duka alinidanganya. Ningewapeleka wapi na baridi ile? Nikawasukumia humo humo. Kuku akawa kama anasikiliza. Kisha akafanya ile sauti ya chini ya kuita, akatanua mabawa na kuwafunika wote. Nilisema asante Mungu. Nilisema kama huyu amekubali, mambo yote yatakubali.

Na hapo ndipo nilifikiria juu ya mtoto wako, sitakuficha. Nilijiambia ni hivyo hivyo tutakavyofanya.

Asubuhi Chepkemoi aliinama kwenye debe, akakaa hivyo muda mrefu. Akasema, wameanguliwa. Akatabasamu. Akaniangalia mimi kuliko alivyowaangalia vifaranga, lakini wakati huo sikujua maana yake. Siku tatu tukawasagia mahindi laini, tukawawekea maji kwenye kifuniko na mawe ndani wasizame, tukamfukuza mwewe kwa sufuria. Baba yako akasema nyumba imekuwa na kelele nzuri.

Siku ya nne, Alhamisi iliyopita, tulikuwa tumeketi kwenye jua tukiwaangalia, nikaona ndiyo saa. Nikaanza kutengeneza njia ya Rahab. Nikamwambia nimesikia kuna mtoto Olenguruone, wa ukoo wetu, mvulana wa mwaka mmoja na kitu, hana mama hana baba, na Rahab anatafuta nyumba ya kumweka. Nikaongeza kwamba ona huyu kuku, mtoto akishafunikwa ni wa aliyemfunika. Nilijiona mwerevu sana.

Chepkemoi aliendelea kumwaga punje chini. Kisha akasema pole pole kwamba mayai yalikuwa tisa. Nikamwambia ndiyo. Akasema vifaranga ni kumi na wawili. Akasema maganda hakuona hata moja, na sketi yangu ya kijani ameifua yeye.

Alijua, Kiplimo. Alijua hata kabla yangu. Siku ya kumi alimulika mayai kwa tochi ya simu kama mama yake alivyomfundisha, na yote yalikuwa meupe kama maji, hakuna mshipa. Aliyarudisha chini ya kuku na kunyamaza, kwa sababu aliniona ninavyopita kwenye kalenda nikihesabu, akasema moyoni mama huyu ameshachoka, wacha afike nayo mwisho. Na hiyo ya kuweka sikio usiku, alikuwa ananisemea mimi. Wiki mbili tumeangaliana na kudanganyana kwa huruma, kila mtu akimbeba mwenzake mgongoni.

Halafu akaniuliza, huyo mtoto ni wa nani.

Mwanangu, nilikuwa na uongo mdomoni, umeshaiva, Rahab alikuwa amenipa hata jina la marehemu wa kumwita mama yake. Nikafungua mdomo, uongo ukakataa kutoka. Nimechoka kuficha. Nimechoka kuingiza mkono gizani. Nilimwambia ni wa Kiplimo.

Na sikuishia hapo, kwa sababu ingekuwa nimekuacha peke yako kwenye moto niliouwasha mimi. Nilimwambia kwamba mwaka ule alipopoteza yule wa kwanza, wakati wewe ulikuwa unamlilia kweli, ni mimi niliyekuita zizini na kukuambia mwanamume wa umri wako hangoji, utafute mahali pengine penye uzazi, macho yangu yaone mjukuu kabla hayajafunga. Wewe hukunijibu. Mtoto alipozaliwa hukuniambia mwaka mzima. Na mwezi wa pili yule wa pili alipozaliwa kimya, mimi ndiye niliyemkumbatia, na mdomo wangu ule ule ndio uliomwambia Mungu anajua. Yote hayo nilimwambia.

Hakulia. Aliinuka akaenda kwenye ua, akasimama huko akiipa nyumba mgongo. Mvua ikaanza, hakurudi. Vifaranga wakaingia chini ya kuku, kuku akaingia jikoni, yeye bado. Wangechi alimwona, akaja na mwavuli, akasimama naye bila kuuliza kitu, na unajua Wangechi kutouliza kitu si kazi ndogo. Aliporudi alikuwa amelowa mpaka nywele. Akauliza anaitwa nani. Nikasema Bravin. Akauliza kama anatembea. Akauliza ukienda kazini nani anamwogesha. Nikamwambia sijui vizuri, akasema, hata wewe hujui.

Mimi mjinga nikaona ni mlango. Nikamwambia mwanangu, mbona kuku ameweza. Hapo ndipo alipandisha sauti, mara ya kwanza tangu nimjue. Aliniambia, Mama, mimi si kuku. Kuku unamwekea gizani, akiamka anadhani ni wake. Mimi nina macho, na kuhesabu najua. Akasema kama Kiplimo ana mtoto, amlete mwenyewe, mchana, amemshika mkono, asimame mbele yake na mbele ya Baba aseme kwa mdomo wake ni wa nani na alimpataje. Atamsikiliza. Hakusema atakubali, Kiplimo, nakuandikia alivyosema, usiongeze kitu. Alisema atasikiliza. Lakini siku atakayomwona Rahab anaingia hapo na mtoto na hadithi, jioni hiyo hiyo atafunga nguo zake, atachukua kuku wake na kurudi kwao. Nami namjua. Ataenda na hatarudi.

Basi mpango wetu nimeuvunja. Hukunituma niuvunje na sikukuuliza. Ukitaka kunikasirikia nikasirikie, nitakuwa bado mama yako. Rahab nimeshampigia, nimemwambia asije kwako na asije hapa. Alinitukana, akasema nimeharibu kitu kilichokuwa kimenyooka. Nikamwambia kilikuwa kimenyooka kwetu sisi tu.

Baba yako hajui bado. Hilo sitakusaidia, ni lako. Atapiga kelele, atatoka aende kuangalia viazi, atarudi na kuuliza mtoto amekula nini. Mzoee.

Ukija, mvalishe mtoto sweta mbili, huku si Naivasha. Njoo na kadi yake ya chanjo. Usije na zawadi nyingi, utaonekana kama mtu anayenunua kitu. Na usifike jioni, hata kama gari litachelewa. Bora ulale Molo mjini ufike kesho yake watu wakiona.

Vifaranga wote kumi na wawili wako hai. Chepkemoi hajawagusa kwa ubaya, anawalisha kama kawaida, ila sasa anawahesabu kwa sauti kila jioni nikiwa karibu, nadhani ni adhabu yangu, na naikubali. Barua hii anajua naiandika. Penseli ilipoisha ncha aliichonga akaniwekea mezani, hakuuliza nimefika wapi.

Sasa salamu zake, kama nilivyokuahidi. Nilimwuliza asubuhi kama niandike kwamba anakusalimu. Alikuwa anamwaga maji ya kuku. Alisema niandike hapana, salamu zake atakupa mwenyewe, mchana, ukiwa umesimama mlangoni, na itategemea umekuja na nani.

Salimia mama wa nyumba ya pili anayekushikia mtoto, mwambie namwombea. Mguse mtoto kichwa kwa niaba yangu. Barua hii nampa Hezekiah wa lori la viazi, atakupata getini pa kazini kwako Alhamisi, na Ijumaa saa nne atapita tena hapo kurudi. Mpe jibu hiyo Ijumaa, hata kama ni mstari mmoja, hata kama ni siku tu ya kuja. Usimwambie kwa mdomo, husahau. Andika. Tuko wawili tunaosikiliza lori hilo, mwanangu, na hakuna anayemwambia mwenzake.

Ni mimi mama yako,
Rodah Chepkirui